Maji Yanakwenda Wapi

Neema mama yangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Uyole baridi imeshaanza, na goti la mama yako nalo limeanza.

Ile sauti uliyotuma nimeisikiliza na kuirudia. Umeeleza ya likizo, ya watoto, ya kazini, halafu katikati ukapitisha kijineno kwamba gari "linakunywa maji kidogo" na fundi kasema uongeze tu. Hapo ndipo usingizi uliponiishia. Maji ya rejeta hayanywewi, Neema. Yanazunguka mle mle. Ukiona yanapungua kila wiki, ujue kuna mahali yanakwenda, na wewe hujui ni wapi, nawe unataka kuliingiza gari hilo Mikumi, kilometa 50 za hifadhi, ambako huwezi kushuka na kidumu tembo wanakutazama. Bado mlima wa Kitonga.

Lipime asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Mfuniko wa rejeta usiuguse likiwa la moto hata fundi akikuhimiza. Ule mfuniko unabana presha, maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua yanalipuka yote usoni.

Usiku tandika boksi chini ya injini, asubuhi ulitazame. Kagua mipira yote, na pale ilipofungwa wota pampu: panapovuja taratibu panaacha ukoko wa rangi ya kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta, hata pakikauka. Inua na zulia la mbele, likiwa bichi na linanukia utamu, ni ile rejeta ndogo ya hita. Hayo yote ni matengenezo madogo, nitafurahi ukiyakuta.

Ninachokiogopa ni boksi kuwa kavu na maji kupungua vilevile. Hapo fungua kifuniko cha oili utazame kwa ndani. Ukikuta utando mzito kama maziwa mgando, chomoa na kijiti cha oili. Utando kwenye kifuniko peke yake waweza kuwa unyevu tu wa safari fupi fupi, lakini kijiti nacho kikitoka na weupe, maji yameingia kwenye oili, usiliwashe tena. Kijiti kikiwa safi, hujamaliza. Acha rejeta wazi, washa gari likiwa bado la baridi, mtu apige resi kidogo. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imekwisha. Na moshi mweupe wa alfajiri si kitu. Ukiendelea injini ikishapata moto, ni kitu.

Halafu hukuniambia geji inapanda wapi. Ni kwenye foleni ya Kimara, au ukiwa umekanyaga? Ikipanda kwenye foleni na kushuka ukianza kutembea, itazame feni kwanza. Ikipanda mlimani, rejeta imeziba, au ni hilohilo ninaloliogopa. Na ikishuka ghafla katikati ya mlima usishangilie, huenda maji yamekwisha na kipimo kinapima hewa. Zima pale pale. Hedi ya Corolla hiyo ni aluminiamu, bloku ni chuma. Likichemsha sawasawa hedi inapinda, na hapo ni kufungua injini.

Fundi akisema atoe thamostati, ile inayozuia maji mpaka injini ipate moto, ili "lipoe", mlipe cha kwake uondoke. Injini itatembea na ubaridi, itakula mafuta, na ugonjwa utajificha mpaka Kitonga. Fundi wako huyo simpendi. Anajibu upesi mno.

Sikukejeli. Umelinunua kwa hela yako, hukuomba hata ya bima, na huku nimewaambia watu mpaka wamechoka. Ila ulitazama sana rangi. Basi, na mtu aliyelizunguka siku ile akapiga teke tairi akasema linafaa tunamjua, tumwache.

Ukishindwa kujua maji yanakwenda wapi, njoni na basi. Magari yapo asubuhi pale stendi ya Magufuli, watoto watalala njiani. Gari tutalishughulikia ukirudi, hata kama ni kushusha injini tutachangia.

Maharage tumeshavuna, yako ni debe mbili, usinunue huko. Bati la jikoni bado linavuja, namsubiri kaka yako ambaye kila Jumapili anakuja "kesho". Mletee mama yako ile dawa ya kuchua ya kopo la kijani, hii ya hapa anasema haichomi. Na ukishafungua kile kifuniko cha oili, kipige picha kwa ndani unitumie, kabla hujampigia huyo fundi.

Baba yako