Kabla ya kuondoa masizi, tujue ni injini ya aina gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wamiliki wengi wa magari sasa wanalifanya wenyewe nyumbani, nalo ni kuondoa masizi yaliyoganda ndani ya injini. Sina ugomvi na wanaojaribu, kwa kuwa kazi nyingi za gari zinawezekana nyumbani kwa mtu mwenye subira na vifaa vichache. Kinachonisikitisha ni kuona dawa ile ile ikisifiwa kwa kila gari, ilhali masizi hayagandi mahali pamoja katika kila injini, na dawa isiyofika yalipo masizi ni hasara tupu.

Katika injini nyingi za petroli, nozeli hunyunyizia mafuta kwenye njia ya hewa, karibu na valvu za kuingizia, kwa hiyo petroli huziosha valvu hizo kila inapopita. Mwenye injini ya namna hii akitia ndani ya tangi dawa yenye polieteramini, ambayo kwenye chupa huandikwa PEA, kwa kipimo kilichoelekezwa, dawa hiyo itasafisha nozeli, itapita juu ya valvu na kuingia hadi kwenye chumba cha mwako. Ni njia nyepesi, nami naipendekeza bila wasiwasi.

Injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda ni habari nyingine kabisa. Humo petroli haigusi migongo ya valvu za kuingizia. Kinachopita hapo ni hewa pamoja na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka tumboni mwa injini, na katika baadhi ya magari moshi kidogo wa ekzosi pia. Mvuke huo hukaukia kwenye valvu yenye joto na kuacha gamba jeusi, gumu kama ukoko wa sufuria iliyoungua, ambalo huzidi kunenepa mpaka hewa ikakosa nafasi ya kupita vizuri. Mwenye gari kama hilo anaweza kumwaga dawa ndani ya tangi mwaka mzima na gamba lile lisiguswe. Toyota, katika mfumo wake wa D-4S, iliweka nozeli za aina zote mbili katika injini moja, na valvu zikapata tena petroli ya kuziosha. Kwa wengine, kazi ya uhakika ni kufungua manifoldi ya hewa, yaani bomba la matawi linalogawa hewa kwenye silinda, kuhakikisha valvu za silinda inayosafishwa zimefunga kabisa, kisha kulipua gamba kwa unga wa maganda ya tunda la jozi unaosukumwa na hewa yenye kani. Hiyo naiona ni kazi ya fundi mwenye mashine yake.

Linalonitia hofu zaidi ni ushauri wa kumimina maji kwenye njia ya hewa huku injini ikiunguruma. Najua imani hiyo ilikotoka. Fundi akifungua injini iliyoungua gasketi ya silinda hedi, mara nyingi hukuta pistoni ya silinda iliyokuwa ikiingiza maji inang'aa, kwa sababu mvuke umeing'oa masizi. Lakini maji hayabanwi. Yakiingia mengi kwa mkupuo, pistoni inayopanda hukutana na kitu kisichokubali kusinyaa, na konrodi, yaani mkono unaoishika pistoni, hupinda papo hapo. Mtu aliyetaka kuondoa misi ndogo, yaani injini kukatakata, hujikuta akitafuta injini nyingine. Vivyo hivyo, asithubutu mtu kupuliza dawa inayowaka kwenye njia ya hewa ya injini ya dizeli inayounguruma, kwani inaweza kuigeuza dawa hiyo kuwa mafuta yake na kupaa mizunguko hata baada ya swichi kuzimwa.

Kazi ninayomshauri mtu aianze nyumbani ni kusafisha throto, yaani sehemu yenye sahani inayofunguka kupitisha hewa kwenda kwenye injini. Injini iwe imepoa, swichi imezimwa, na mahali pawe na hewa ya kutosha, mbali na moto. Ukilitoa bomba la hewa utaona duara jeusi la uchafu pale ukingo wa sahani unapokutana na ukuta. Dawa ya throto ipuliziwe kwenye kitambaa, si ndani ya njia ya hewa, kisha ukingo huo ufutwe taratibu. Sahani inayoendeshwa kwa umeme isilazimishwe kwa kidole, maana gia zake ndogo huharibika. Sensa ya kupimia hewa ina dawa yake maalumu, na waya zake hazisuguliwi. Baada ya hapo sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inaweza kuwa juu kwa muda hadi kompyuta ya gari ijipange upya. Katika baadhi ya magari hatua hiyo hufanywa kwa kifaa cha uchunguzi.

Nyuma ya haya yote kuna swali la kwa nini masizi yamekuwa mengi. Ringi za pistoni zilizochakaa, sili za valvu zinazovujisha oili, au safari fupi za kila siku ambazo haziipi injini nafasi ya kupata joto lake, zitarudisha uchafu ule ule hata usafishe namna gani. Na si kila misi ni masizi. Plagi na koili zikaguliwe kwanza.

Ombi langu kwa gazeti lako, Ndugu Mhariri, ni kwamba kila mnapochapisha ushauri wa aina hii mtaje wazi unahusu injini ipi, na mumwelekeze msomaji akague kwanza kitabu cha gari lake aone nozeli zake zinanyunyizia wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa gazeti lako