Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa: Litowa isisahaulike

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, inayofahamika zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, RDA.

Kabla Azimio la Arusha halijatangazwa Februari 1967, na kabla kijiji cha ujamaa hakijawa agizo kutoka juu, vijana wa TANU walikuwa wameshafyeka pori la Litowa, huko Songea, wakilima shamba la pamoja na kugawana mavuno. Walipojaribu mara ya kwanza walishindwa, lakini walirudi. Ntimbanjayo Millinga alikuwa kiongozi wao, na Mwingereza Ralph Ibbott mshauri wao. Jumuiya iliundwa mwaka 1963, na kufikia 1969 ilikuwa na vijiji vipatavyo 17, mashine ya kusaga, na shule ambayo watoto wake walisoma huku wakilima. Mambo makubwa yaliamuliwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono waziwazi. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja Jumuiya na mali zake zikachukuliwa.

Mwisho huo ndio unaonifanya niandike. Simulizi zetu za ujamaa huanza na Azimio, kisha huruka hadi miaka ya 1970, watu walipohamishwa kwa nguvu, kana kwamba hapakuwahi kuwa na wakulima waliojikusanya kwa hiari yao. Anayeukumbuka ujamaa kwa nyumba iliyobomolewa ana haki ya kuukumbuka hivyo, ila naye anastahili kujua kwamba Litowa ilikuwepo, na kwamba haikufa kwa njaa wala uvivu.

Kwa kuwa uamuzi ule ulikuwa wa chama, naelewa kwamba si kila karatasi inayouhusu itakuwa katika maghala yako. Ndiyo maana naiomba Idara iandae orodha moja inayoonyesha kilichopo serikalini, kilichopo katika kumbukumbu za chama na kilichobaki mikononi mwa familia za vijijini, iwe ni daftari la mkutano, hesabu ya mazao au picha iliyokunjamana. Nakala zake zikihifadhiwa pia Songea, pengine kwa makubaliano na Makumbusho ya Majimaji, wajukuu wa waanzilishi hawatalazimika kusafiri hadi Dar es Salaam kusoma habari za babu zao. Hati za kuvunjwa kwa Jumuiya ziorodheshwe bila kuonewa haya, sawa na zile za kuanzishwa kwake.

Karatasi, hata hivyo, zinaweza kusubiri kidogo kuliko watu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1961, Litowa ilipokuwa ikianza, sasa amevuka 80, na wanafunzi wa shule ile nao ni wazee. Naomba maofisa wawili wenye kinasa sauti watumwe Litowa kiangazi hiki, wakae na wazee kwa wiki kadhaa, na waanze na akina mama, ambao walilima shamba lile lakini hawatajwi sana katika yaliyokwisha kuandikwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Ruvuma