Vidole viwili kwa kaunta yangu

Mhariri,

Nimesoma ile barua ya mzazi mwenzangu kwa gazeti lako, ile aliandika ati kuwaambia watoto maneno ya kondomu na sindano ya kuzuia mimba ni kuwafungulia mlango. Nimeisoma mara mbili nikiwa nimekaa hapa kwa kemisti yangu Kayole, na sina ugomvi na yeye, ameongea kama mzazi, lakini huo mlango anaosema usifunguliwe mimi ndio hukaa karibu nao kutoka saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, na ulifunguka kitambo.

Wacha niwaambie ya Alhamisi moja tu. Saa kumi na nusu hivi ameingia msichana, sweta ya shule ameivaa ndani nje ndio beji isionekane, nyuzi za makwapani zote ziko nje. Akangoja mama mmoja aliyekuwa ananunua dawa ya minyoo aende, halafu hakusema kitu, akainua vidole viwili. Hapa kwetu hiyo ni lugha, vidole viwili ni P2, zile tembe za dharura za kuzuia mimba baada ya tendo. Nikamuuliza ilikuwa lini, akasema Jumamosi usiku. Nikaanza kuhesabu na yeye akiniangalia, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, nikifika Jumatano ameshaelewa mimi naenda wapi. Nikamwambia hii imechelewa, haiwezi kukusaidia tena. Akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Na nikimeza pakti mbili?"

Huyo mtoto anafanya hesabu shuleni, najua anaweza kukokotoa kipeo cha pili, na hakuna mtu mzima hata mmoja amewahi kumwambia kuhusu saa 72. Alifundishwa P2 na rafiki yake, rafiki alifundishwa na boyi wake, boyi sijui alifundishwa na nani. Na mnaona hapo mlango ulikuwa wazi na sio mwalimu wala mzazi aliufungua.

Sasa kwa vile niko hapa niseme tu, hata kama kuna mtu atakunja uso. P2 ni ya ndani ya saa 72, na hiyo haimaanishi ukae ungoje saa ya 71, mapema ndio bora, kila saa ikipita nguvu inapungua. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, sasa kama yai limeshatoka itachelewesha nini? Mimba ikishaingia haiitoi, umeze mbili umeze kumi. Ukitapika kabla ya masaa mawili kuisha, unameza ingine. Haikukingi na ya kesho, haikukingi na ukimwi, na sio ya kumeza kila wikendi kama mtu anakula peremende, kama mambo ni ya kila wikendi kuna njia zingine zinafanya kazi vizuri kuliko hii. Na wale wanaotisha wasichana ati inafunga kizazi, hapana, haifungi, inaweza kukuvurugia tarehe za mwezi lakini kizazi inakiacha vile kilikuwa, na nina hakika huo uongo ndio unafanya msichana akae na woga kutoka Jumamosi hadi Alhamisi.

Kulikuwa bado na njia moja. Koili ya shaba, ile huwekwa ndani ya kizazi, ikiwekwa kabla ya siku tano kuisha inazuia mimba, na zake zilikuwa hazijaisha, zilikuwa zimebaki masaa. Nikamwambia aende hospitali ya serikali saa hiyo hiyo, asiende kulala kwanza, nikamwandikia kwa karatasi na namba 116 ya watoto, haina malipo, aongee na mtu. Nikamuuliza ana miaka mingapi, kumi na sita. Na huyo mwanaume ana mingapi? Akaangalia mlango. Nje kulikuwa na nduthi, injini haijazimwa. Sijui kama alifika hospitali, na akifika saa kumi na moja na hiyo sweta nani angemwekea koili bila kumtukana kwanza, hiyo pia sijui.

Huyo mzazi akiniuliza, haya dokta wa Kayole, wewe unayejua yote hayo, kwako ulifanya nini? Sikufanya kitu. Na hii ndio sababu nimeandika.

Mtoto wa dadangu alikuja kukaa na sisi 2019 akiingia Form 1. Machi 2020 shule zikafungwa juu ya korona, na wakati darasa la nne, la nane na Form 4 wanarudi Oktoba, wa Form 2 wakabaki nyumbani hadi Januari 2021. Kemisti haikufungwa, mimi nilikuwa natoka asubuhi narudi usiku, mzee pia yuko kazini. Mnakumbuka Juni ya huo mwaka zile habari za Machakos, ati wasichana karibu 4,000 wamepata mimba kwa miezi michache, nchi nzima ikapiga kelele halafu watu wakaanza kubishana kama hesabu ni ya ukweli. Hiyo habari tuliiona mezani. Mzee akasema watoto wa siku hizi. Mimi nikauliza, na kwa sauti, wazazi wao wako wapi. Huyo msichana ndio alikuwa anatupakulia sukuma.

Januari tukatoa uniform kwa sanduku tuone kama bado inamtosha, sketi ikakataa kufunga zipu. Nikacheka kwanza, nikamwambia korona imekunenepesha. Hakucheka. Ilikuwa miezi mitano.

Mwanaume ni wa plot yetu, mlango wa tatu, miaka yake ishirini na saba. Alianza kwa kumpea waifai ya kufanya masomo ya simu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemshukuru kwa hiyo waifai, nikamnunulia hata soda. Na miezi hiyo yote nilikuwa nashika pakti za kondomu kila siku nikipanga shelfu, nawaeleza watoto wa watu mambo ya siku na masaa, halafu nafika nyumbani kwa mtoto anayelala chumba cha pili nanyamaza, juu ni wa dadangu, nikaona aibu, nikajiambia mamake atamwambia akienda ushago. Dadangu naye alifikiria mimi ndio nimeshamwambia, si niko na kemisti.

Akajifungua Mei. Tukienda kumrudisha shule mkuu akatuambia hataki mfano mbaya kwa wengine, na sera ya kurudisha wasichana shuleni baada ya kujifungua iko tangu 1994, na mwongozo mpya ulitoka 2020, ulikuwa hata haujakauka wino. Tulitafuta shule ingine. Amemaliza Form 4, kwa kuchelewa, lakini amemaliza.

Mwanaume alihama usiku, akaacha hata mtungi wa gesi. Na niongeze hapa kitu juu yetu sisi watu wazima, juu barua nyingi zinakuja kwa gazeti zinaongea na wasichana tu, jichungeni, someni, msipende chipo. Mtoto wa miaka 16 na mwanaume wa 27, hiyo kwa sheria ya makosa ya ngono ya 2006 inaitwa unajisi, na kifungo chake si chini ya miaka 15, akiwa wa 12 hadi 15 ni si chini ya 20. Hakuna mahali sheria inasema mzee wa familia akae chini na mzee mwingine waongee mambo ya mbuzi, na kwetu hicho ndio kitu cha kwanza watu walipendekeza, mashemeji zangu walikuwa wameshachagua hadi siku. Msichana akilazimishwa aende hospitali kabla ya saa 72 pia, siku hiyo hiyo ikiwezekana, kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi na anapewa pamoja na ya kuzuia mimba, na asioge kwanza. Namba 1195, ile ya dhuluma za kijinsia, inashika simu usiku na mchana.

Narudi kwa mlango. Ule utafiti mkubwa wa afya wa serikali wa 2022 ulisema wasichana 15 kwa kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Ule wa 2014 ilikuwa 18, kwa hivyo imeshuka, sawa, lakini ndani ya hiyo 15 kuna Nyeri ya 5 na kuna Samburu ya 50, nusu nzima, na hiyo tofauti haiwezi kuwa ati watoto wa Nyeri wana adabu mara kumi. Ni shule, ni umaskini, ni kuozwa mapema, ni hospitali iko kilomita ngapi. Sisi wa Nairobi hospitali tumezungukwa nazo, kondomu na sindano ya miezi mitatu na kijiti cha mkononi cha miaka mitatu ama mitano viko, umbali wetu sisi ni kutoka kwa kochi hadi kwa mtoto na bado unatushinda.

Kusubiri ni njia, na huwa nawaambia hivyo, hakuna dawa naweza uza inashinda kusubiri. Lakini mtoto anayesubiri hapungukiwi na kitu akijua mbegu ya mwanaume inaweza kukaa hai ndani ya mwili hadi siku tano, ama kwamba mara ya kwanza mimba inaingia kama mara ya kumi, ama kwamba kuruka kamba na kunywa majani kali bila sukari hakusafishi kitu. Hayo ya majani nimeyasikia na masikio yangu mwaka huu, sio enzi za nyanya yangu. Na vijana pia waambiwe jamani, kijana anakuja hapa anasimama dakika kumi anasoma bei ya dawa ya meno, akiona hakuna mtu ndio anasema nipee ile. Ile gani? Ile tu. Kama hawezi hata kutaja jina atavaa kweli?

Kwa hivyo Mhariri ombi langu ni dogo. Kila muhula ukifungwa, April, Agosti na ile ndefu ya Novemba, tutoleeni kisanduku kidogo kwa ukurasa wowote, kwa Kiswahili cha kawaida, saa 72, siku tano, 116, 1195, mimba inaingia vipi na haiingii vipi. Bila picha ya msichana ameinamisha kichwa kwa dirisha, hiyo tumeiona ya kutosha. Mzazi anayeona aibu aache tu gazeti limefunguliwa mezani aende kuoga.

Kijana wangu ako gredi ya nane. Juzi tukila aliniuliza, mum, P2 ni nini, juu shuleni kuna mtu amesema. Mzee akakohoa akachukua rimoti akaongeza sauti ya mpira. Nikamwambia zima hiyo kitu.

Mwenye kemisti,
Kayole, Nairobi