Rehema, kabla hujachomeka hicho king'amuzi

Shosti wangu Rehema,

Mambo vipi mwaya, hongera ya kuhamia Bukoba, na pole ya kufungasha maana najua vyombo vyako visivyoisha. Nimesikiliza ile voisi yako yote, mpaka pale ulipoanza kumsema mwenye nyumba nikacheka peke yangu dukani wateja wakanishangaa. Nimeona nikuandikie badala ya kukujibu kwa voisi kwa sababu haya mambo utataka kuyarudia ukiwa umesimama mbele ya TV na waya mkononi, na voisi ya dakika kumi nani ana muda wa kuitafuta tena.

Kwanza umefanya vizuri kununua king'amuzi cha dishi, kwa hicho kijiji ulichopo ni sahihi. Ila sasa wewe umeenda Bukoba. Huko mvua inakaribia milimita 2000 kwa mwaka na radi za ukanda wa Ziwa Victoria kila mtu anazijua, hapa Mwanza tunazisikia lakini nyie huko upande wa magharibi ndo mnazipokea hasa usiku na alfajiri, ziwa likishatulia na watu wamelala. Kwa hiyo kitu cha kwanza nachotaka kukwambia hakihusu chaneli wala kifurushi, kinahusu nyaya mbili zinazoingia kwenye hicho kiboksi.

Ukikiangalia kwa nyuma utaona kuna waya wa umeme halafu kuna ule waya mnene, mweusi au mweupe, unaotoka kwenye dishi na kufungwa kwa kuzungushwa. Watu wengi wakisikia radi wanachomoa wa umeme tu wanarudi kitandani wakiamini wamemaliza. Hawajamaliza. Ule wa dishi bado uko pale, na dishi lenyewe ni chuma kimekaa juu ya bati au kwenye nguzo nje, radi ikipiga jirani tu, wala si lazima ipige dishi lako, umeme unatafuta njia na njia iko wazi kabisa mpaka ndani ya king'amuzi, unapita kwenye HDMI, ule waya unaopeleka picha na sauti, unaingia kwenye TV. Dukani kwetu wakileta king'amuzi kilichokufa msimu wa mvua swali langu la kwanza ni hilohilo, na jibu ni lilelile, "lakini dada mbona nilichomoa." Ulichomoa mmoja.

Kwa hiyo mazoea ya Bukoba yawe hivi, ukimaliza kuangalia usiku unazima, unachomoa umeme ukutani, halafu unafungua ule wa dishi unauacha ukining'inia mbali na TV, basi. Usisubiri mpaka radi iko juu ya nyumba ndo uamke kukimbilia nyaya, maana hapo wewe ndo utakuwa umeshika chuma kinachotoka nje. Chomoa mawingu yakianza kutanda, maana ukishasikia ngurumo hata kwa mbali radi inaweza kukufikia, hapo achana navyo, king'amuzi kinanunulika. Na hili nakusisitizia kwa sababu nakujua wewe na mpira, siku ya Simba na Yanga mvua inanyesha mngurumo wa pili huo bado umekaa unasema dakika ya themanini hii, jamani.

Najua utaniuliza, si nimenunua ile TV guard? Hiyo ni nzuri na ninakuunga mkono uwe nayo, kazi yake ni umeme wa nyumbani, ukishuka sana au ukipanda sana inakata, na umeme ukirudi baada ya kukatika inasubiri kidogo kwanza utulie ndo iruhusu, kwa sababu ile dakika umeme unarudi mtaa mzima ndo vifaa vingi vinapoungulia. Lakini guard haizuii radi, na hata ingezuia, iko upande wa umeme tu, waya wa dishi haupiti kwake. Nguzo ya dishi kama ni ya chuma mwambie fundi umeme aliyesomea, sio huyu wa dishi, akufungie waya wa ethi kutoka kwenye nguzo mpaka chini ardhini na auunganishe na ethi ya nyumba. Inasaidia. Haikupi ruhusa ya kuacha kuchomoa.

Sasa kufunga. Fundi dishi mwache apande yeye, wewe huko juu usipande, ila msimamie. Asipande bati limelowa, asiweke ngazi ya chuma karibu na nyaya za TANESCO zinazoingia kwenye nyumba, na akikwambia "mimi nimezoea" ndo uzidi kumwangalia. Mwonyeshe pia anga kabla hajatoboa ukuta. Azam iko kwenye satelaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, StarTimes ya dishi iko nyuzi 5, na nyie Bukoba kwenye ramani mko nyuzi 31 na kitu mashariki, maana yake hayo madishi yote huko kwenu yanatazama magharibi, kwa hiyo upande huo pasiwe na mparachichi wa jirani au migomba inayokua kwa kasi, leo picha safi baada ya miezi mitatu jani limeziba unalaumu kampuni. DStv ndo tofauti, ile iko nyuzi 36, kwenu ni karibu na utosini kabisa, ndo maana utaona madishi yao yameinua uso juu kama yanaota jua.

Kitu kingine mwambie waya ukiingia dirishani auache ulegee ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee pale kwenye kona ya chini yasifuate waya mpaka sebuleni. Mafundi wengi wanauvuta umekaza kama kamba ya kuanikia, unapendeza macho, mvua ya kwanza ukutani kuna mstari wa maji unaelekea moja kwa moja kwenye soketi.

Ndani ya nyumba wewe mwenyewe unaweza, wala usilipe mtu. Kila kitu kiwe hakina umeme kwanza, TV na king'amuzi. Unafunga waya wa dishi kwa mkono, usitumie koleo utavunja tundu. Hapo angalia kitu kimoja, katikati ya ile konekta kuna kiwaya kimoja cha shaba kimesimama na pembeni kuna nyuzi nyembamba nyembamba kama nywele, hata unywele mmoja usiguse kile cha katikati. Sababu ni kwamba huo waya hauleti picha tu, king'amuzi kinapeleka umeme juu kwenye LNB, ile pua ya dishi, volti 13 au 18 kutegemea chaneli unayoangalia. Haukuui huo lakini vikigusana ni shoti, unaua kipande kidogo ndani na kiboksi kitawaka taa vizuri tu ila kila siku "hakuna mawimbi". Ndo maana nasema usifungue wala usifunge huo waya king'amuzi kikiwa kinawaka. Baada ya hapo HDMI, kadi (chipu inatazama chini inaingia mbele kwa vingi, kuna mchoro pembeni ya tundu, na kama hakina tundu la kadi usihangaike, siku hizi vingine havina), na umeme unakuwa wa mwisho kabisa. TV ya zamani isiyo na HDMI tumia zile nyaya tatu, njano kwenye njano, basi, picha itakuwa ya kawaida.

Ukiwasha ukaona kioo cheusi kinasema hakuna kitu usipige simu mkoani, chukua rimoti ya TV bonyeza sosi uchague HDMI uliyochomeka. Nusu ya simu ninazopokea ni hiyo.

Adapta. Jamani adapta. Kuna ving'amuzi vingi vinatumia adapta ya volti 12, ikipotea au mtoto akikata waya usichukue ya kompyuta kwa sababu kichwa kimeingia. Zile nyingi ni volti 19, utakikaanga. Angalia kilichoandikwa chini ya king'amuzi, volti ziwe sawasawa, ampea ziwe zile zile au zaidi, zisipungue, na alama ya jumlisha na kutoa zifanane. Na kama plagi yake ni ya miguu miwili na soketi yako ni ya matundu matatu, nakuomba usifanye ule ufundi wa kuingiza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili ifunguke. Najua kila nyumba Tanzania wanafanya na mama yangu mzazi anafanya. Lile tundu linafungua mlango wa umeme, ukishalizoesha kijiti mtoto anaangalia, kesho anaingiza kijiko. Kibadilishio cha plagi ni bei ya soda mbili tatu.

Ukigusa konekta au mgongo wa TV ukahisi kama inakutekenya kidogo, hizi adapta zisizo na ethi zinafanya hivyo, ni kawaida. Ikikupiga kweli ukarusha mkono, hiyo sio kawaida, zima mein swichi uite fundi umeme.

Ekstensheni moja uliyonipiga picha nimeiona, ina TV, jagi la umeme, pasi na chaja za simu. Mwaya. Hiyo ekstensheni inabeba ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230 ni kama wati 2990, na hapo ni ile nzuri sio za kichina zenye waya kama uzi. Jagi peke yake wati 2000, pasi 1200, umeshapita, na king'amuzi maskini kinakula wati kumi na kitu tu kinaungua kwa dhambi za jagi. Jagi na pasi vipeleke kwenye soketi ya ukutani, TV na king'amuzi viwe na guard yao, usichanganye.

Halafu vitambaa. Najua umebeba vile vya kushona kutoka kwa bibi na najua king'amuzi kipya kimeshavikwa. Kitoe nguo. Yale matundu ya juu na pembeni ndo pua yake, kikiwa na joto kinaanza kuganda picha, kinajizima chenyewe, unasema kibovu. Kisikae juu ya kingine, kisifungiwe kwenye kabati la kioo, na kile chombo cha maua chenye maji kiende popote lakini sio hapo. Kufuta tumia kitambaa kikavu, umechomoa kwanza, usipulizie dawa ya kioo. Na usikifungue hata kama kimekufa na una bisibisi, ndani kuna vitu vinahifadhi umeme hata baada ya kuchomoa.

Mvua kubwa ikinyesha picha ikakatika usiguse kitu, wala usiite fundi aje kuzungusha dishi, maji yanazuia mawimbi angani tu, ikipungua yatarudi. Kwenye menyu kuna mistari miwili, nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Unaotakiwa kuangalia ni ubora. Nguvu inaweza kuwa juu kabisa na huoni kitu kwa sababu dishi limelenga satelaiti ya watu wengine, fundi mjanja atakuonyesha ule wa nguvu akachukua hela yake akaondoka, wewe mwambie nioneshe wa pili, umlipe picha ikiwa imetulia.

Kikikuandikia kinapakua maboresho kiache, usizime mpaka kimalize, kikikatwa katikati vingine haviamki tena. Umeme ukiwa wa kukatika katika siku hiyo ahirisha kama kinakupa nafasi ya kukataa. Namba ya siri ya kufungia chaneli ibadilishe, zile nne za kiwandani kila mtoto anazijua. Na nakili namba ya kadi, hiyo ndo utalipia kwenye simu yako mwenyewe kwenye menyu ya malipo. Atakayekupigia akasema ni huduma kwa wateja umeshinda miezi mitatu bure ila utume hela kidogo ya kufungua, au anataka namba ya siri ya simu, kata. Hata akijua jina lako lote.

Shangazi yako ulisema anakuja Desemba, mwambie ile antena yake ya zamani ya kupachika juu ya TV asiibebe kwa ajili ya kukuletea zawadi, mitambo ya analojia Dar ilizimwa tangu tarehe 31 Desemba 2012 na bado anaitunza chini ya kitanda, mimi nampenda yule mama.

Jumamosi mchana nipo dukani hakuna watu sana, nipigie picha nyuma ya TV yako nione matundu yaliyopo, na ile sehemu ya chini ya king'amuzi yenye maandishi ya volti, nikwambie kama unahitaji HDMI ndefu nikutumie kwa mtu anayekuja na meli au basi. Na umpe mwenye nyumba salamu, mwambie rafiki yake Rehema wa Mwanza anauliza ethi ya nyumba iko wapi.

Nakupenda,
Zawadi