Barua ya wazi kwa wazee wenzangu wa pikipiki: tupunguze kilo, tusipunguze safari

Ndugu zangu, akina baba na akina mama ambao mvi zimetukuta tungali kwenye usukani,

Salamu nyingi. Kila msimu naona kundi letu likipungua, na linapungua kwa namna mbili. Wapo wanaouza pikipiki kwa sababu watoto wamelia sana, wakati mwili wao haujadai lolote. Ukikutana nao miezi michache baadaye wamenyong'onyea, hata hadithi za safari hawataki tena kuzisimulia. Wapo na wale wanaong'ang'ania kuendesha kama walivyoendesha wakiwa na miaka 35: mashine ile ile nzito, kilomita zile zile, kurudi usiku ule ule, mpaka siku inapowalalia mguu kwenye mchanga. Hawa wa pili ndio wanaoniuma zaidi. Walikuwa na miaka mingi mizuri mbele yao, wakaipoteza kwa ubishi.

Ninachowaomba ni kupunguza uzito, giza na haraka. Safari yenyewe iacheni.

Nianze na uzito, kwa sababu hapo ndipo ubishi wetu ulipojificha. BMW walipotoa R 80 G/S mwaka 1980, mashine iliyofungua njia kwa pikipiki kubwa za safari za porini, haikufika kilo 200 pamoja na mafuta. R 1250 GS Adventure, mjukuu wake, ina kilo 268 kabla hujafunga sanduku hata moja. Ongeza masanduku matatu, hema, vifaa na maji, unakuwa umekalia zaidi ya kilo 300. Ni mashine nzuri, sibishi. Kwenye lami inakwenda siku nzima bila kukuchosha. Lakini tuseme ukweli sisi kwa sisi: wangapi kati yetu wanaweza kuiinua peke yao ikianguka mara ya tatu siku moja, juani, mahali ambapo hapiti mtu?

Katika yale niliyoyaona kwa wenzangu, mwendo kasi si wa kulaumiwa sana. Wengi huanguka wakiwa wamesimama, au karibu kusimama. Unageuza mashine kwenye mteremko wa kokoto, unashusha mguu wa kushoto, na ardhi iko chini zaidi ya ulivyodhani kwa upana wa kiganja tu. Mashine inaanza kuegemea huko. Kijana huizuia kwa paja. Mtu wa miaka 68 asijaribu. Achia usukani, toka pembeni, iache ilale. Kioo na mkono wa klachi vinauzwa dukani.

Ikishalala, usiikimbilie. Zima injini, kunywa maji, vua masanduku. Kama imelalia ubavu wa kulia, toa stendi ya pembeni kabisa kabla ya kuinua, isije ikapitiliza na kuangukia upande wa pili. Tia gia isiteleze. Kisha ipe mgongo, makalio yaguse kiti, mkono mmoja ushike mpini wa usukani ulioukunja hadi mwisho, mwingine ushike fremu, utembee kinyumenyume kwa hatua fupi fupi. Kazi ifanywe na miguu, kiuno kikae wima. Fanyeni zoezi hili nyumbani kabla hamjaondoka, mwenzako akiwa amesimama upande wa pili. Mashine ambayo huwezi kuiinua ikiwa imevuliwa mizigo yote usiipeleke porini ukiwa peke yako. Hapo sina huruma.

Najua mtasema mashine ndogo ni za wanaojifunza. Anne-France Dautheville, mwanamke wa Kifaransa, alizunguka dunia peke yake mwaka 1973 kwa Kawasaki ya cc 125. Mwaka huo huo Ted Simon aliondoka London kwa Triumph ya cc 500 na kuzunguka dunia kwa miaka minne. Mwaka 2001, akikaribia miaka 70, aliondoka tena kuipita upya njia yake. Na Simon Gandolfi, Mwingereza, alikuwa na miaka 73 mwaka 2006 alipotoka Veracruz, Mexico, kwa Honda ya cc 125 akielekea Tierra del Fuego, ncha ya kusini kabisa ya Amerika. Tazameni ramani muone umbali huo, kisha mniambie cc 125 ni za kuchezea. Leo kuna mashine za cc 300 zenye kilo 140 na ushei, zinazopanda milima yote tuliyowahi kuipanda. Hazitamani kilomita 120 kwa saa, nasi mwendo huo hatuuhitaji.

Akina mama wa kundi letu walilijua hili zamani. Wao hawakuwahi kuona haya kushusha kiti, kuchagua mashine inayolingana na miguu yao, au kumwambia mwenzao, "Shika hapa nigeuze." Ndiyo maana wengi wao bado wanaendesha. Tuwasikilize.

Sasa giza. Jicho la mzee si lile la ujana. Mboni haipanuki tena vizuri usiku, na lenzi inaingia unjano na ukungu. Mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20, na akipigwa na taa za gari huchukua muda mrefu zaidi kuona tena. Muda huo, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, unapita mita 22 kila sekunde bila kujua kilichoko mbele. Mnyama, shimo, lori lililoharibika lisilo na taa. Kwa hiyo saa moja kabla ya jua kuzama mashine iwe imeegeshwa. Mkiona hamtafika, laleni mlipo. Mpangaji wa safari atakayewawekea siku ya kilomita 600 mrudishieni karatasi yake, aandike 300.

Mengine ya mwili nitayapitia haraka, maana mengi mnayajua ila mnayapuuza. Uzeeni kiu huchelewa kuja, kwa hiyo kunyweni maji kwa kufuata saa, msingoje koo likauke. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa kelele za upepo ndani ya helmeti hupita desibeli 90. Tieni vizibo masikioni, maana usikivu tuliobaki nao ni mchache. Shingo ikikataa kugeuka, ongezeni vioo vikubwa na mfanye mazoezi ya shingo kila asubuhi. Muulizeni daktari, kwa maneno haya haya, "Dawa hii naweza kuimeza nikaendesha pikipiki?" Nyingine za mafua na mzio huleta usingizi, nyingine za presha huleta kizunguzungu unaposimama. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, akigonga kichwa hata kidogo aende hospitali siku ile ile, hata kama anajisikia mzima. Wenzake wajue kwamba anazitumia. Aandike hivyo kwenye kadi, iwe mfukoni mwa jaketi.

Magoti yanahitaji neno zaidi. Kwenye barabara mbovu, anayekaa muda wote anapigwa na kila jiwe kiunoni. Ukisimama kwenye vikanyagio, magoti yanameza mitikisiko, na mashine inapata nafasi ya kucheza chini yako bila kukuvuta nayo. Kwenye kokoto mikono ilegee, macho yatazame mbali, mkono wa mafuta utulie. Haya yote yanataka mapaja yenye nguvu. Kaa kitini na kusimama bila kushika kitu, mara kumi, asubuhi na jioni. Asiyeweza aanze na mara tatu.

Halafu matairi. Sisi wazee tunaendesha kilomita chache kwa mwaka, kwa hiyo matairi yetu huzeeka kabla ya kuisha. Kashata, yaani meno ya tairi, bado zimejaa, unayaona mapya, kumbe mpira umekauka na kwenye lami yenye maji haushiki. Inama utazame ubavuni mwa tairi, penye herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nendeni mkatazame leo, kabla ya kujibu barua hii.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nani atakuambia siku ya kuacha ikifika?

Wewe mwenyewe hutaiona. Uwezo unaondoka polepole, na akili inazoea kila pengo. Watoto wako wamekuwa wakikuambia uache tangu ulipofikisha miaka 50, kwa hiyo siku watakayosema kweli hutawasikia. Anayeweza kuona ni yule anayeendesha pikipiki yake nyuma yako, anayekutazama kutwa nzima kwenye kona. Yeye anaona unavyoanza kutoka nje ya njia kwenye kona ya kushoto uliyokuwa ukiikata vizuri. Anaona kiashiria kimewaka kilomita tano. Anaona umekosa njia ya mchepuko mara mbili, au umefunga breki umechelewa kwa gari ambalo wote walikuwa wameliona. Anaona umechoka saa nne asubuhi. Anaona, ananyamaza, kwa heshima na kwa kuogopa kukuvunja moyo. Ukimya huo ndio unaotuua.

Basi tumpe ruhusa mapema. Kila mmoja achague mtu mmoja au wawili katika kundi, awaambie mbele ya wote: nyinyi mkiona, mniambie. Na anayeambia afanye kwa adabu: faraghani, baada ya safari, kwa mifano aliyoiona kwa macho yake, si kwa "naona umezeeka." Anayeambiwa asijibu siku hiyo. Alale nayo. Naye akikubali, si lazima aache yote mara moja. Aache usiku kwanza, halafu barabara kuu, halafu safari za kulala nje. Ahamie mashine ndogo zaidi, au ya magurudumu matatu, au kiti cha nyuma cha mwenzake. Abaki kwenye kundi. Anayejua njia na ufundi kama yeye tunamhitaji hata akija kwa gari la mizigo akiwa amebeba matairi yetu.

Kwa wale ambao nyumbani kuna machozi kila mnapoondoka: msitoroke. Waonyesheni wanenu njia mtakayopita, wapeni nafasi ya kufuatilia mlipo kwa simu, na penye mapori yasiyo na mtandao bebeni kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti. Pigeni kila jioni mashine ikishaegeshwa. Mtu anayejua ulipo hulala.

Kabla ya safari ijayo tutakaa kikao. Kila mmoja aje na uzito wa mashine yake ikiwa na mizigo, tarehe ya matairi yake, na jina la mtu aliyemchagua. Langu nimeshalichagua, naye ameshakubali. Nitamtaja hapo hapo mbele yenu.

Ndimi mzee mwenzenu wa barabarani.