Nilipiga hesabu ya ualbino mbele ya mama mkwe, mdogo wangu akasikia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 28, mwalimu wa biolojia wa sekondari hapa Mwanza. Barua ya posa ilishaletwa, mahari ilishapangwa, wazee walishaanza kuitana wakwe. Kisha Jumapili moja mama wa mchumba wangu akapita nyumbani bila taarifa, akamkuta mdogo wangu wa kiume anaanua nguo kambani, amevaa kofia yake pana na shati la mikono mirefu. Mdogo wangu ana ualbino. Mchumba wangu alijua tangu mwanzo, ila kwao hakusema. Siku ya tatu mshenga akarudi: wanaomba tusubiri, wafikirie kwanza "habari ya damu".

Usiku ule mama alilia jikoni. Mdogo wangu alipozaliwa, mwaka 2003, upande wa baba walisema mtoto ametoka nje, kwao hakuna watu wa namna hiyo. Baba akaondoka. Mama akabaki na sisi, na ile miaka ya 2007 na 2008, watu wenye ualbino walipokuwa wanauawa huku Kanda ya Ziwa, alilala amemfunga mtoto kiunoni kwa kanga.

Nikachukua vikombe viwili, kila kimoja nikatia haragwe moja jekundu na moja jeupe. Nikamwambia: hiki ni wewe, hiki ni baba. Kila mzazi ana nakala mbili za jeni ya rangi ya ngozi, nywele na macho, na anampa mtoto nakala moja tu. Jekundu likiwepo, hata moja, mtoto anakuwa na rangi kama yangu. Ualbino unaonekana meupe mawili yakikutana. Fumba macho, chota. Mara ya kwanza akatoa jekundu na jeupe. Tukarudisha. Mara ya pili yakatoka meupe yote mawili. Aliyatazama kiganjani muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo na baba yenu alitoa lake." Nikamjibu ndiyo, bila lake mtoto asingekuwa hivi. Shangazi, zaidi ya miaka 20 mama alibeba lawama ile peke yake.

Hilo lilinipa nguvu, nikaenda kwa mama mkwe na karatasi. Nikamweleza kwamba mtoto wa wazazi kama wangu anaweza kutokea kwa namna nne: jekundu na jekundu, jekundu na jeupe, jeupe na jekundu, jeupe na jeupe. Mimi sina ualbino, kwa hiyo namna ya meupe mawili inaondoka, zinabaki tatu, na katika hizo mbili zina jeupe lililojificha. Basi uwezekano kwamba ninalibeba ni 2/3. Kwa mwanawe nikatumia makadirio ya Tanzania: mtu 1 kati ya 1,400 hivi ana ualbino, na ukipiga hesabu kutoka hapo unapata kama mtu 1 kati ya 19 anayebeba bila kujua. Na hata sote wawili tukiwa tunabeba, ni robo tu. 2/3 mara 1/19 mara 1/4: mtoto 1 kati ya 114.

Akauliza, na akishazaliwa mmoja, watatu wanaofuata wanakuwa wamesalimika? Wengi wanaielewa robo hivyo, hata wanafunzi wangu. Nikamwambia hapana, kila mimba inaanza upya, kama shilingi unayoirusha: haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita.

Akavaa miwani, akaisoma ile namba mara mbili. "Moja kwa mia na kumi na nne. Hiyo ndogo. Basi Mungu atatuepusha."

Nami nikajibu, "Atatuepusha, mama."

Mdogo wangu ndiye aliyenipeleka kwa pikipiki. Alikuwa amekaa kibarazani, nje ya dirisha, akinisubiri. Njiani hakusema kitu. Usiku, akiwa anajipaka losheni yake, ile ya kuzuia jua inayotengenezwa Moshi, akaniambia kwa upole kabisa kwamba siku ya harusi atabaki nyumbani amwangalie bibi.

Sasa mama mkwe amelainika, anataka harusi iwe mwezi wa 12. Mchumba wangu ananiambia niache mambo yalivyo, hesabu imetuokoa. Mimi silali. Hesabu ile ni sahihi, lakini niliipeleka kama mtu anayekanusha mashtaka, na aliyeshtakiwa ni kijana niliyembeba mgongoni. Tena 1 kati ya 114 si sifuri. Mtoto huyo akija, atapokelewaje na bibi aliyekubali harusi kwa kuhakikishiwa kwamba labda hatakuja?

Naomba unishauri. Nirudi kwa mama mkwe nimwambie wazi kwamba sihitaji kuepushwa na mtoto anayefanana na mjomba wake, hata kama posa itavunjika? Au nianze na mchumba wangu, nimtake aseme yeye kwa kinywa chake mbele ya mama yake? Na mdogo wangu nimwambie nini? Tangu siku ile ananiitikia vizuri, ananichekea, ila hanitazami.

Dada mtu, Mwanza