Mfuate bibi yako na daftari

Mwanangu Zaituni,

Hujambo? Huku Mbagala sote wazima, joto tu ndilo linatutesa. Baba yako anakusalimu, anauliza kama baridi ya Lushoto umeizoea.

Picha ya sufuria la bibi yako nimeiona. Eti "bibi ananifukiza kivumbasi kama samaki." Nilicheka mpaka mteja wangu wa vitumbua akanishangaa.

Halafu nikakumbuka yaliyonikuta mwaka juzi. Mgongo ulinibana, nikaenda Kariakoo kununua unga wa mizizi kwa kijana aliyetandaza turubai kando ya barabara. Namuuliza ni mti gani, ananijibu, "Mama, huu unatibu yote." Tumbo likaniendesha siku tatu, na mgongo palepale.

Bibi yako sijamsikia hata siku moja akisema dawa inatibu yote. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namshikia panga akienda kubandua magamba ya mti wa dawa. Alibandua kipande cha upana wa kiganja, upande mmoja tu, kisha akachota udongo mbichi na kulifukia lile jeraha. Ukizungusha panga shina zima, alisema, mti unakufa wima. Mti ule ningeujua hata leo nikiuona. Jina lake la Kisambaa limenitoka kabisa, na linanikera.

Wanaokwambia hayo ni mambo ya kishamba, waulize mkwinini. Asili yake milima ya Andes, huko Amerika Kusini, na kwinini, ile dawa ya malaria, ilitoka kwenye gamba lake. Wajerumani waliupanda Amani, ng'ambo ya bonde la Lwengera, walikofungua kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, wakawa wanatengeneza kwinini ya askari wao hapohapo Amani, kwa magamba ya miti yao.

Ila homa ikikushika, nenda zahanati ukapimwe malaria, na dawa mseto uimalize yote. Kivumbasi kinafukuza mbu, na mvuke wake unazibua pua. Zaidi ya hapo hata bibi yako hadai.

Sasa nakutuma. Tafuta daftari. Kila mmea andika jina lake la Kisambaa, kinachotumika ni jani, gamba au mzizi, kinachemshwa kiasi gani, na nani hapewi. Wajawazito alikuwa anawanyima dawa fulani, nami sikuwahi kumuuliza sababu. Usimuulize akiwa jikoni, atakufukuza. Mfuate alfajiri anapokwenda kuchuma, umbebee kapu, umwache aongee mwenyewe.

Mapeasi mpe kondakta wa basi la Jumamosi, nitayapokea Mbezi. Yafunge kwa gazeti, yale ya mara ile yalifika yamepondeka.

Mama yako